Nzuri Vipi?

Viti vya nyumbani kwangu vimechanika vyote, na mimi ni fundi makochi. Zamani watu wakiingia walikuwa wanacheka. Siku hizi hawaingii, kwa hiyo hakuna wa kucheka. Marehemu mke wangu alikuwa akinisema: "Bwana wewe, makalio ya mji mzima unayajali, isipokuwa ya mkeo." Nami namwambia, subiri nipate kitambaa kizuri kitakachobaki kwa mteja. Akasubiri, masikini. Hospitali ndiyo iliyomkatisha kusubiri.

Nasema hospitali na sitafuti neno jingine. Daktari alikuwa anapita asubuhi na wanafunzi wake nyuma kama bata. "Mama, unaendeleaje?" "Nzuri, daktari." "Vizuri." Huyo, kitanda cha pili. Kesho yake vilevile. Mke wangu alilelewa kwa adabu, akiulizwa hali aseme nzuri hata kama nyumba inaungua nyuma yake. Sasa mtu aliyesoma miaka yote ile, tena analipwa kwa kuuliza, hajui kwamba nzuri ya mgonjwa si nzuri? Nilikwenda kwa mkubwa wao kumuuliza swali hilohilo. Wakanikalisha kwenye benchi mpaka ofisi ikafungwa, mlinzi akaniambia, "Mzee, nenda nyumbani, hapa hakuna mtu." Na kweli hapakuwa na mtu, hata walipokuwemo.

Nikabaki na binti yangu. Yuko kidato cha pili. Mama yake alimwita Njiti, kwa wembamba wake, na mimi nikaendelea nalo kwa sababu ni sauti ya mama yake ninayoisikia nikilitamka.

Baada ya matanga, shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alinivuta pembeni. Yeye anakaa mji mwingine, nyumba imejaa watoto, wajukuu na watu ambao hata yeye hajui walikuja lini. Akaniambia, "Shemeji, usinifikirie vibaya. Mtoto wa kike anakua, na hii nyumba yenu imekuwa kama stoo, mtu anaingia kuchukua kitu anatoka. Nipe nimlee. Muhula ukiisha nitakuja. Ukisema abaki, atabaki, sitakugombeza."

Nikamwambia nitafikiri. Sikuwa na la kufikiri. Nilishakata shauri kwamba Njiti habanduki. Mke wamemchukua, sehemu yangu ya kazi wameichukua, na mtoto pia? Hapana. Hilo nilikuwa nimelishika kwa meno.

Maana na kazini nako, msinione hivi, tulikuwa kando ya barabara kuu. Mteja anapita, anaona kochi linang'aa, anasimama. Wakubwa wa mji wakasema tunaharibu sura ya mji. Wakatuhamishia nyuma ya maghala, kwenye vumbi, wakaahidi paa. Paa tunalisubiri mpaka leo. Wao wanalo lao.

Na kukata kitambaa cha kochi ni kazi ya watu wawili. Mmoja anavuta huku, mwingine anashika kule, la sivyo mkasi unakwenda upande na maua yote yanalala. Mke wangu ndiye alikuwa mshika kule. Akitoka sokoni anapita, anaweka kikapu chini, anashika, tunapiga soga huku mkasi unatembea. Sasa upande wa pili naubana kwa tofali. Tofali halivuti. Tofali linakaa tu.

Basi hiyo ndiyo hali niliyokuwa nairudisha nyumbani kila jioni. Njiti anafungua mlango.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Za kazi?"

"Nzuri."

Ananipa maji ya kunawa, ananitengea chakula, anarudi kwenye vitabu vyake. Mimi naangalia ukuta. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaishi, na kwangu mimi ilitosha.

Jioni moja akaongeza neno.

"Nzuri vipi?"

Nikamtazama. "Nzuri nzuri. Kwani kuna nzuri ngapi?"

"Nauliza tu. Umefanya nini leo?"

"Nimefanya kazi."

"Ipi?"

"Wewe binti, umetumwa na watu wa kodi?"

Akacheka, akaniacha. Nikadhani ni utoto umempitia. Kesho yake, hilohilo. Keshokutwa, hilohilo. Nikisema "salama", anauliza "salama vipi". Nikisema "hamna kitu", anasimama na sahani mkononi anasubiri, kana kwamba hicho kitu ambacho hamna kitatokea tukikingoja. Nikaanza kuchelewa makusudi. Nilikuwa nakaa kwenye kochi la mteja huko nyuma ya maghala, mafundi wenzangu wameshaondoka, najifanya nafagia pamba.

Halafu siku moja nimemtuma mkate duka la jirani, nikakaa mpaka chai ikapoa.

"Huo mkate ulikwenda kuuoka?"

"Samahani, baba. Nilimuuliza mama wa duka habari, akasema salama. Nikamuuliza salama vipi, akaanza kulia."

"Ehe! Umemkuta mzima, umemwacha analia. Ndiyo elimu hiyo tunayoilipia?"

"Alikuwa analia kabla sijafika, baba. Ndani kwa ndani."

"Ndani kwa ndani ni kwake. Una funguo za ndani ya watu?"

Akakata mkate, kipande changu akakifanya kinene kuliko chake, kama mama yake.

Siku iliyoniharibikia ni siku mteja aliponirudishia kochi. Mama mmoja mwenye miwani, alikuja na dereva na wapakuzi, wakalitupa pale kwenye vumbi. "Fundi, maua yamekwenda upande. Kila mgeni akikaa anainamisha shingo." Na alikuwa na haki, ndiyo iliyoniuma. Kitambaa nilikikata na tofali. Jirani yangu wa kazi, seremala anayenitengenezea fremu, alikuwa anaangalia. Tunamwita Randa, kwa sababu hakuna mtu anayepita mbele yake bila kuchongwa. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Si kosa lako, fundi. Hilo ni kochi la watu wenye shingo ngumu, linawafundisha unyenyekevu." Uwanja mzima ukacheka. Mimi nikachana kitambaa chote, nikarudi nyumbani na vidole vina damu ya misumari.

"Shikamoo, baba. Za kazi?"

"Nzuri."

"Nzuri vipi?"

Likanitoka. "Nimesema nzuri! Nzuri ni nzuri! Mimi si mtuhumiwa na wewe si askari. Mtu anasalimia, anajibiwa, anakwenda zake. Hayo maneno ya kuchimbana sitaki kuyasikia tena humu ndani. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

"Na huko shuleni waambie wakufundishe hesabu."

"Sawa, baba."

Kuanzia hapo nikapata nilichokitaka. Shikamoo, marahaba, za kazi, nzuri. Maji ya kunawa. Chakula. Nyumba ikatulia mpaka nikawa nasikia kalamu yake inavyokwaruza karatasi chumba cha pili. Ikisimama, na mimi nasimamisha kutafuna, nangoja iendelee. Nilikuwa na mtu nyumbani na bado nilikuwa nakula kama mlinzi wa ghala.

Wiki ya mwisho ya muhula, simu ikalia nikiwa kazini. Randa alikuwa anapigilia fremu pembeni yangu, nyundo inakwenda ko-ko-ko. Sauti ya kijana.

"Mzazi? Mimi ni mwalimu wa darasa la binti yako. Tunaomba ufike kesho... ko-ko... kuhusu... ko-ko... la tabia la binti yako."

"La nini?"

"La tabia, mzee. Tabia."

Sasa ninyi mnaijua lugha yenu. Mtu akikwambia mtoto wako ana akili, unashukuru. Akikwambia ana afya, unashukuru. Akikwambia tu "ana tabia", humngoji amalize, unatafuta viatu vyako. Shule haikupigii simu kukwambia mtoto ana tabia nzuri. Sijawahi kusikia simu ya namna hiyo, na wewe hujawahi.

Randa akashusha nyundo. "Wamesemaje?"

"Tabia."

"Aaa." Akatikisa kichwa kama mganga. "Ya wavulana, au ya mkono mrefu?"

"Hawajasema."

"Wasiposema ndiyo yenyewe hiyo, ndugu yangu."

Nikafunga kazi mapema. Njia nzima nilikuwa namsikia mke wangu anavyoniuliza, nilikuachia mtoto mmoja tu, umemfanyaje? Nilipofika, Njiti alikuwa uani anaosha vyombo. Sikumwita. Nilikaa kwenye kiti kilichochanika nikampigia shemeji.

"Shemeji, njoo Jumamosi. Mchukue."

"Kheri? Si ulisema utafikiri?"

"Nimefikiri. Shule wamepiga simu, wanasema ana tabia."

"Tabia gani?"

"Tabia! Mimi mambo hayo siyawezi, shemeji. Angekuwepo dada yako sawa. Njoo umchukue."

Nikasikia uani bomba limefungwa. Sufuria iliyokuwa inasuguliwa ikanyamaza. Baadaye Njiti akapita mbele yangu, mikono inachuruzika maji, akaingia chumbani kwake. Hakusalimia hata ile salamu ya kwanza. Nikamsikia anafungua kabati na kulifunga.

Asubuhi, ambayo ilikuwa Ijumaa, nikavaa shati langu la mazishi nikaenda shuleni. Nilipanga maneno njiani. Ningewaambia kwamba mtoto anakaa kwao kutwa nzima, kwa hiyo hiyo tabia ameipata kwao. Mimi shule niliishia pale wenzangu walipoanza kuelewa, lakini hilo halihitaji cheti.

Wakaniambia nisubiri kwenye chumba cha walimu. Kulikuwa na kochi limetupiwa shuka juu, nikalikalia, springi ikanichoma. Nikajua ni springi ya kati, imekatika mkanda wake zamani, na badala ya kuita fundi wameifunika. Mkuu wa shule akapita na mafaili. "Habari, mzee?" Nilipofungua mdomo kusema nzuri, alikuwa ameshafika mlango wa pili.

Mwalimu wa darasa akaja. Kijana, chaki mpaka kwenye nyusi.

"Karibu, mzee wangu. Asante kwa kuja."

"Sikuja kukaribishwa. Niambie moja kwa moja, amefanya nini?"

"Nani?"

"Binti yangu. Mmesema tabia."

"Hajafanya kitu, mzee. Nilisema lengo la tabia."

"Si ndiyo hiyohiyo tabia?"

Akanitazama, halafu akajishika kichwa, na chaki ikapanda kwenye nywele. "Lo, mzee. Ulielewa kwamba... Na huenda umeshamgombeza?"

"Endelea na maneno yako," nikamwambia.

Akavuta kiti. Akanieleza kwamba muhula huu kila mwanafunzi wake alijiwekea malengo mawili, moja la masomo na moja la tabia. La masomo kila mtu analijua, nataka nipande hesabu, nataka nisome vitabu vingapi. La tabia ni kwamba mimi nataka niwe mtu wa namna gani.

"Na nani anawapa maksi za hilo?"

"Hakuna maksi."

"Basi la nini?"

"Maksi za hesabu natoa mimi, mzee. Mwakani nitakuwa na darasa jingine, nitazisahau. Hili anajipa mwenyewe, na anaondoka nalo." Akafuta chaki mkononi, ikahamia suruali. "Wengi waliandika, nitakuwa mtu mwema. Nikawarudishia. Nikawauliza, wema wa siku ya Jumanne ukoje? Unautambuaje ukipita? Niliwataka walete kitu kidogo, mtu anachoweza kukifanya siku ya kawaida, na awepo mtu nyumbani wa kushuhudia. Mmoja akaja na kutomcheka anayesoma vibaya. Mwingine kurudisha alichoazima kabla hajadaiwa. Binti yako alikaa siku nyingi bila kuleta kitu. Halafu akaniletea hili: kuuliza mara ya pili."

Nikasogea, springi ikanichoma tena.

"Nikamwambia sijaelewa. Akasema, watu wakiulizwa hali wanasema nzuri, na aliyeuliza anaondoka. Yeye anataka awe mtu asiyeondoka. Akasema mama yake alikuwa anasema nzuri."

Nikaangalia lile shuka juu ya kochi. Lilikuwa na doa la chai.

"Hospitali," nikasema. "Walikuwa wanapita tu. Hawaulizi."

"Hospitali hakuitaja, mzee," akasema yule kijana, taratibu.

Nje kengele ililia na watoto wakamwagika uani na kelele zao. Alingoja zipungue.

"Nimekuita kwa sababu anataka kubadilisha lengo. Amesema lile halifai nyumbani. Anataka jipya liwe kukaa kimya."

"Kimya?"

"Amesema hilo analiweza." Akajaribu kucheka. "Darasa langu lote likichagua hilo, mimi nitapona kichwa. Lakini yeye sijamkubalia. Na shahidi aliyemchagua ni wewe, tangu mwanzo. Kwa hiyo nakuuliza wewe: lile la kwanza, alilifanya?"

Nilitaka kumwambia kwamba hayo si maneno ya kumpigia mtu simu katikati ya nyundo. Nilitaka kumuuliza wakubwa wao huko wizarani walikosa neno jingine lote, mpaka wachukue neno ambalo watu wamelizoea kwa ubaya. Mpaka leo nasema walikosa akili.

"Aliuliza," nikamwambia. "Aliniuliza mimi, alimuuliza mama wa duka, aliuliza mpaka nikaona kero. Kama hakujibiwa, hilo si lake. Weka kwamba aliuliza."

"Na lile jipya?"

"Lile usilikubali. Nyumba yangu inalo la kutosha, haihitaji mtu wa kulifanyia mazoezi."

Nilipoinuka nikamwambia pia lile kochi lao linataka mkanda, wasikae wakamtoboa mkaguzi. Akasema ataniambia bajeti ikipatikana. Hapo ndipo nilipojua bado niko kwa wenye ofisi.

Sikurudi kazini. Nilikwenda nyumbani nikakaa nikingoja shule itoke. Begi la Njiti lilikuwa limesimama kando ya mlango wake, limefungwa, na juu yake kitenge cha mama yake kimekunjwa. Nyumba ya mchana sikuwa naijua. Jua linaingia dirisha la jikoni, linatembea sakafuni mpaka kwenye kile kiti chake marehemu, linakaa pale. Nikajua kumbe huyu mtoto, siku zote anazotoka shule, ndicho anachokikuta.

Akaingia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Za leo?"

"Nzuri."

Akapita. Nikangoja. Nikamsikia anaweka viatu, anachota maji, anakunywa. Nikangoja tena.

"Njiti."

"Abee, baba."

"Uliza."

Akatokeza kichwa. "Niulize nini?"

"Ile ya pili."

"Uliikataza."

"Niliikataza wakati ule. Leo naifungua. Serikali zinageuza sheria kila siku, mimi ni nani?"

Hakucheka. Akasimama pale na kikombe. "Nzuri vipi, baba?"

Nikafungua mdomo nikakuta hakuna kilichopangwa. Miaka yote naulizwa habari, sikuwahi kuandaa jibu. Mwisho nikasema, "Nakata kitambaa kwa tofali."

"Tofali?"

"Upande wa pili. Mama yako ndiye alikuwa anashika. Sasa naweka tofali. Maua yanakwenda upande, wateja wanarudisha, Randa ananichonga. Mchana nakula nimesimama. Nikikaa, natazama njia ya sokoni."

Akakaa kwenye kiti cha mama yake, kile ambacho hatukikalii. Hakusema pole. Alikaa tu, na kikombe chake magotini, hakuondoka.

"Na huko shuleni," nikasema, "nilisikia vibaya. Randa alikuwa anapiga nyundo. Nilisikia tabia."

"Tabia tu?"

"Tabia tu."

Mdomo ukamchezacheza. "Kwa hiyo ukamwambia mama mdogo nina tabia."

"Ni lugha yao hao. Mtu na akili zake unamwambia mzazi..."

"Baba."

"Nitampigia nimwambie asije."

"Usimpigie," akasema. "Mwache aje." Halafu, "Mama alikuwa anashikaje?"

Nilikuwa na kipande cha kitambaa cha kijani, kilichobaki kwa mteja muda mrefu, chini ya kitanda. Tukakitandaza sakafuni. Nikamwonyesha, vidole juu, dole gumba chini, usivute kama unagombana nacho. Akashika. Nikaingiza mkasi, na mkasi ukatembea wenyewe, moja kwa moja, kama zamani. Nilikata kifuniko cha kile kiti alichokuwa amekikalia. Sikukipigilia. Nikakikunja, nikakiweka juu ya kiti.

Jumamosi shemeji aliingia na kelele zake. "Haya, iko wapi hiyo tabia, nimeiletea begi kubwa!"

"Shemeji, hebu niache. Ilikuwa kosa la simu."

Nikamweleza. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ushungi, halafu macho yakaendelea yenyewe bila kicheko, maana alimkumbuka dada yake. Alipotulia akamgeukia Njiti.

"Basi mwanangu, kama ni hivyo mimi sina nguvu. Baba yako aseme, na wewe useme. Unataka kwenda au unataka kubaki?"

"Vyovyote, mama mdogo. Sawa tu."

Shemeji akanitazama mimi. Kwake ilikuwa imekwisha. Sawa tu, maana yake mtoto anabaki na baba yake, na ndicho nilichokuwa nakitaka tangu siku ya matanga. Nilikuwa na haja ya kunyamaza tu, na kunyamaza ninakujua.

Ila nilikuwa nimeshakuwa shahidi wa lile jambo.

"Sawa vipi?" nikamuuliza.

Akashtuka. Akaangalia begi, akaangalia kiti cha mama yake. Shemeji akataka kumsaidia, nikamzuia kwa mkono.

"Kwa mama mdogo kuna watu," akasema Njiti. "Wanagombana, wanacheka, mtu anaita mwenzake kutoka chooni. Hapa nikitoka shule nakaa na kiti cha mama mpaka jioni. Nataka kwenda, baba. Na nikienda nitaona nimekutupa. Kwa hiyo ukisema kaa, nitakaa. Hiyo ndiyo sawa yenyewe."

Nawaambieni, ukimuuliza mtu mara ya pili, ujue utapewa. Ningesema kaa, angekaa. Angenipa maji ya kunawa kila jioni mpaka amalize shule, na asinilaumu hata siku moja. Lile neno lilikuwa mdomoni kabisa, nalisikia ladha yake.

"Nenda," nikasema.

"Nzuri?" akaniuliza, kwa sauti ndogo.

"Si nzuri. Lakini nenda."

Nikabeba begi mpaka kituoni. Shemeji alitangulia na kununua maji, akituachia nafasi, mwanamke yule ana akili. Njiti alikuwa amejitanda kitenge cha mama yake.

"Nitakupigia simu, baba."

"Piga. Na ukinisikia nimesema nzuri, usikate."

"Sikati."

Nikarudi nikakuta nyumba imefungwa, na mwenye ufunguo ni mimi peke yangu. Kile kitambaa cha kijani kilikuwa bado kimekunjwa juu ya kiti.

Jumatatu nyuma ya maghala palikuwa na vumbi lake na hapakuwa na paa. Nilitandaza kitambaa cha mteja. Nikaweka tofali. Randa akapita na mbao begani, anaelekea kwake.

"Za leo, fundi?"

"Nzuri."

"Haya." Akapita.

Nikamwangalia mgongo wake unavyokwenda. Mtu huyu tumefanya kazi bega kwa bega tangu barabara kuu, ananijua kila mshono, na nisingeweza kukwambia kwake kuna nani. Sijawahi kumsikia akimtaja mtu.

"Randa! Na wewe je, habari zako?"

"Safi kabisa," akanijibu bila kugeuka.

"Safi vipi?"

Akasimama. Akageuka na mbao zake zote, karibu amng'oe mtu meno. Akanitazama kama anayengoja mzaha umalizike, na mimi sikuwa na mzaha. Nilisimama tu na mkasi mkononi, nikingoja, kama nilivyoona mtoto anavyofanya na sahani.

Randa akainama, akazishusha mbao chini, moja moja. Kisha akaja upande wa pili wa kitambaa, akalisukuma tofali kwa mguu.